Nusu ya Kidonge: Famasi Moja ya Magomeni na Dawa ya Moyo Iliyotoka Bustanini

Kwa miezi 14 sasa nimekuwa nikinunua dawa za moyo za mke wangu katika famasi moja ndogo ya Magomeni, mtaa wa pili ukitoka Barabara ya Morogoro, mwendo wa dakika chache kwa miguu kutoka kituo cha mwendokasi. Ninaandika tathmini hii kwa sababu watu wenye wagonjwa wa moyo huniuliza mara kwa mara ninanunua wapi, na kwa sababu mojawapo ya dawa ninazochukua hapo, yaani digoksini, haifai kununuliwa popote penye dirisha na rafu. Ninayoyasema yanatokana na historia ya mmea inakotoka dawa hiyo, historia ambayo niliifundisha darasani kwa miaka mingi nikiwa mwalimu wa baiolojia, bila kufikiri kwamba siku moja ingeingia chumbani kwangu ndani ya bahasha ya dawa.

Mke wangu ana umri wa miaka 68. Moyo wake umetanuka, na mapigo yake yalikuwa yakienda mbio bila mpangilio, mpaka miguu ikavimba na kupanda ngazi chache kukawa kazi nzito. Daktari wa moyo alimwandikia dawa nne, na digoksini ikawa mikrogramu 125 kwa siku. Kidonge tulichokipata madukani kilikuwa cha mikrogramu 250, kwa hiyo alitakiwa kumeza nusu. Duka la kwanza tulilolitumia, ambalo sitalitaja, liliandika juu ya bahasha "1 x 1", yaani kidonge kizima mara moja kwa siku, na mimi nikaisoma bahasha badala ya kukisoma cheti. Baada ya wiki mbili hamu ya chakula ilimwisha, akaanza kutapika asubuhi, na jioni moja akaniuliza kwa nini nimebadilisha taa ya sebuleni, maana aliiona imezungukwa na duara la njano. Nilimshika mkono nikahesabu mapigo, yakawa 44 kwa dakika. Usiku uleule tulikwenda hospitali, dawa ikasimamishwa, akalazwa siku nne.

Njano ile niliitambua, ingawa nilichelewa. Ilikwisha kuandikwa mwaka 1785 na daktari wa Birmingham, Uingereza, aliyeitwa William Withering, ambaye alitaja kwamba mgonjwa aliyepewa dawa hii kupita kiasi hutapika, huhisi kizunguzungu, huona vitu vikiwa na rangi ya kijani au njano, na mapigo yake hushuka hata kufikia 35 kwa dakika. Nilikuwa nimewasomea wanafunzi orodha hiyo mara nyingi mno, na bado ilinipita pale ilipokaa kwenye kiti mbele yangu.

Ndiyo maana nilipoingia katika famasi ya Magomeni kwa mara ya kwanza nilikuwa na woga, na ndiyo maana yaliyotokea hapo yalinigusa. Mfamasia, binti ambaye kwa umri angeweza kuwa mwanangu wa mwisho, alinisalimu, "Shikamoo baba," akakipokea cheti, akakisoma mpaka mwisho, kisha akarudisha macho kwangu bila kwanza kugusa rafu yoyote. Aliniuliza mgonjwa ana uzito gani, figo zake zilipimwa lini mara ya mwisho, potasiamu katika damu ilikuwa kiasi gani, anatumia dawa gani nyingine, na kama kuna dawa za asili anazokunywa nyumbani. Nilimsimulia yaliyotupata. Hakulilaumu duka lile, alinyamaza kidogo, akasema, "Pole sana baba. Dawa hii haisamehe." Kisha alivikata vidonge kimoja kimoja kwa kikatio chenye wembe, akavitupa vile vilivyovunjika vibaya, akaandika juu ya bahasha kwa herufi kubwa NUSU KIDONGE MARA MOJA KWA SIKU, ASUBUHI, na akaniomba niisome kwa sauti ndipo anikabidhi.

Kazi aliyoifanya pale kwenye dirisha lake ndiyo kazi iliyomchukua Withering miaka 10. Watu wengi husimulia kwamba daktari yule aliuvumbua mmea, jambo ambalo si kweli. Mmea wenyewe ulijulikana zamani. Ni mmea wa Ulaya wenye kupenda baridi, ambao mwaka wa kwanza hutoa majani yaliyotandazwa chini, na mwaka wa pili huinua shina refu lililojaa maua ya zambarau yanayoning'inia kama vifuniko vya vidole. Kwa sababu ya umbo hilo, mtaalamu wa mimea wa Ujerumani Leonhart Fuchs aliupa mwaka 1542 jina la Kilatini Digitalis, akiifuata lugha yake mwenyewe, ambamo ua hilo huitwa kwa jina la kile kikofia wanachovaa washonaji kidoleni. Waingereza nao huliita glavu ya mbweha. Watu wa mashambani waliutumia kwa vidonda, kwa kifafa na kwa mambo mengine mengi, wakipona au wakifa bila mtu kujua ni kwa nini.

Mwaka 1775 Withering aliulizwa maoni yake kuhusu dawa ya ukoo iliyotibu uvimbe wa kujaa maji, siri ambayo kwa muda mrefu ilikuwa mikononi mwa bibi mmoja mzee wa Shropshire, ambaye wakati mwingine aliwaponya watu walioshindikana kwa madaktari. Jina ambalo baadhi ya wasimulizi humpa bibi huyo lilizuka katika karne ya 20. Withering mwenyewe hakumtaja kwa jina. Mchanganyiko wa bibi huyo ulikuwa na majani ya aina 20 au zaidi, na uliwatapisha na kuwaharisha watu vibaya. Withering, ambaye licha ya udaktari alikuwa mtaalamu wa mimea ambaye mwaka uliofuata alichapa kitabu kikubwa kuhusu mimea ya Uingereza, aliona upesi kwamba kati ya majani hayo yote ni mmea mmoja tu ungeweza kuwa na nguvu ile. Hapa ndipo ninapomheshimu bibi yule pamoja na daktari. Bibi alikuwa na maarifa ya kweli yasiyo na kipimo, na daktari, badala ya kuyadharau kwa kuwa yametoka kwa mwanamke wa kijijini, aliyachukua akaanza kuyapima.

Alipima kwa kukosea kwanza. Dozi zake za mwanzo zilikuwa kubwa mno, na aliyajaribu majani yaliyochemshwa akagundua kwamba nguvu ya mchemsho haitabiriki. Akajua kwamba jani la wakati mmoja wa mwaka halilingani na la wakati mwingine, kwa hiyo akaamua lichumwe wakati mmea unapochanua, likaushwe, lisagwe liwe unga, na unga huo upimwe. Mwishoni alifikia nafaka moja hadi tatu, mara mbili kwa siku. Nafaka ya wapima dawa wa wakati ule ni miligramu 65 hivi. Kanuni aliyoiweka juu ya kipimo hicho ni bora kuliko kipimo chenyewe: dawa iendelee mpaka ionyeshe kazi yake kwenye figo, au tumboni, au kwenye mapigo, au kwenye matumbo, na ikomeshwe mara dalili ya kwanza miongoni mwa hizo inapotokea. Mke wangu angeokolewa siku nne za hospitali kwa kanuni hiyo yenye umri wa zaidi ya karne mbili.

Lipo jambo jingine katika kitabu chake ambalo mtu yeyote anayeandika tathmini ya kitu chochote angepaswa kulijua. Withering aliandika kwamba ingekuwa rahisi kwake kuchagua wagonjwa waliopona tu ili dawa isifiwe, lakini ukweli na sayansi vingemhukumu, kwa hiyo akawaeleza wagonjwa wote aliowapa dawa hiyo, waliostahili kupewa na wasiostahili, waliopona na wasiopona. Ni watu zaidi ya 150. Nami nitajaribu kulifuata hilo ninapofika kwenye kasoro za famasi hii.

Yaliyofuata baada yake yalikuwa ya kusikitisha kwa muda mrefu. Madaktari wa karne ya 19 waliutumia mmea huu kwa homa, kwa kifua kikuu na kwa karibu kila kitu, wengine wakiwa wamekisahau kipimo. Withering aliona kwamba dawa ina nguvu juu ya mwendo wa moyo, lakini alidhani kazi yake kubwa ni kuyatoa maji mwilini kwa njia ya figo. Ilichukua zaidi ya miaka 100 mpaka madaktari wa Uingereza kama James Mackenzie walipoonyesha, mwanzoni mwa karne ya 20, kwamba faida yake iliyo wazi zaidi ni kwa mgonjwa ambaye vyumba vya juu vya moyo wake vinatetema bila mpangilio. Hata wakati huo jani lilibaki jani. Nguvu ya kila shehena ilipimwa kwa kuwapa vyura au paka na kuangalia ni kiasi gani kinawaua, njia ambayo leo inaonekana ya kikatili, lakini ilitokana na hofu ileile ya kutojua kilichomo ndani ya unga.

Mwaka 1930 mkemia Sydney Smith, aliyefanya kazi katika kampuni ya Burroughs Wellcome, aliitenga digoksini iliyo safi, si kutoka kwenye ua la zambarau la Withering bali kutoka kwa ndugu yake wa kusini-mashariki mwa Ulaya, Digitalis lanata, mwenye maua ya rangi iliyofifia. Mpaka leo dawa hii hutolewa kwenye majani yaliyolimwa mashambani, kwa kuwa kuitengeneza yote maabara ni kazi ndefu isiyo na faida. Kidonge cha mikrogramu 250 kina robo tu ya miligramu ya dawa. Kilichobaki ni unga wa kukifanya kishikike. Nilipomwambia mfamasia wetu hayo alitabasamu, akasema kwamba ndiyo sababu hakubali mtu akivunje kwa meno au kwa kisu cha jikoni.

Swali lake kuhusu potasiamu nalo lina mizizi humo humo. Kwenye utando wa kila seli ya moyo kuna pampu ndogo inayotoa sodiamu nje na kuingiza potasiamu ndani. Aliyeigundua, Jens Skou wa Denmark, alichapisha kazi yake mwaka 1957 na akapata sehemu ya Tuzo ya Nobel ya Kemia mwaka 1997. Digoksini huizuia pampu hiyo kidogo. Sodiamu inapobaki ndani, kalsiamu nayo hubaki zaidi, na kalsiamu ndiyo inayoukaza msuli, hivyo moyo husukuma damu kwa nguvu zaidi; kwa njia nyingine, kupitia mshipa wa fahamu unaoutuliza moyo, dawa hupunguza kasi ya mapigo. Potasiamu hugombea nafasi na dawa hiyo kwenye pampu. Ikipungua, dawa hupata nafasi kubwa kuliko inayostahili, na dawa ya kukojosha ambayo wagonjwa wengi wa moyo hupewa pamoja na digoksini ndiyo hiyo inayoimwaga potasiamu. Nilimuuliza kama basi nimpe mke wangu ndizi na madafu kila siku. Hakunikubalia haraka haraka. Alieleza kwamba miongoni mwa dawa zake nne imo moja inayoizuia potasiamu isitoke, kwa hiyo kuiongeza kwa kukisia kunaweza kudhuru upande wa pili, na jibu sahihi ni damu kupimwa. Wauzaji wengi wa dawa wangenifurahisha kwa kusema ndiyo.

Alikuwa mkweli pia kuhusu thamani ya dawa yenyewe. Utafiti mkubwa uliochapishwa mwaka 1997, uliowahusisha wagonjwa 6,800 ambao moyo wao umeshindwa kazi, ulionyesha kwamba digoksini haikupunguza vifo, ila iliwapunguzia wagonjwa safari za kulazwa hospitali. Alisema wazi kwamba dawa mpya zaidi ndizo zinazorefusha maisha, na kwamba hii humsaidia mke wangu apumue na apande ngazi. Sikuona kwamba amenivunja moyo. Mtu akijua dawa inafanya nini, hujua pia kwa nini haifai kuiongeza anapojisikia vibaya.

Kuhusu dawa za asili, nilidhani swali lile lilikuwa la kawaida, nikamjibu kwamba hatutumii. Akaniuliza kama nyumbani tuna bustani. Tunayo, na ndani yake mna waridi la jangwani, lile la shina nene na maua ya waridi linalouzwa kwenye vitalu vya kando ya barabara jijini, na kwenye ua wa jirani upo ule mti wa maua ya njano kama tarumbeta unaopandwa kuwa uzio. Yote mawili yana sumu za jamii moja na digoksini. Wahadzabe wa Ziwa Eyasi huichemsha mimea ya jamii ya waridi hilo kupata sumu ya mishale, na nyingine huipata kwenye mmea uitwao Strophanthus. Mmea wa jamii hiyo hiyo ulimfikia John Kirk, daktari wa msafara wa David Livingstone wa Zambezi, ambaye baadaye alikuwa balozi mdogo wa Uingereza Zanzibar: mswaki wake uligusana na sumu ya mishale, akahisi uchungu mdomoni na kugundua kwamba mapigo yake yamepungua. Sumu ile ilifika Edinburgh, chuo kilekile alikosomea Withering, na huko Thomas Fraser akaifanya dawa ya moyo iliyotumika hospitalini kuanzia miaka ya 1880. Kwa hiyo nchi zetu hazikusimama nje ya historia hii. Wawindaji wetu waliijua nguvu ya kuusimamisha moyo kabla ya hospitali yoyote, na ninatamani watoto wetu wafundishwe hivyo. Lakini mfamasia alikuwa na jambo la karibu zaidi: mgonjwa mmoja aliyeshauriwa na jirani kunywa majani ya bustanini pamoja na vidonge vyake. Hakunieleza zaidi ya hapo, wala sikumuuliza. Nilirudi nyumbani nikamweleza mjukuu wetu mimea isiyochezewa.

Sasa kasoro. Chumba cha kusubiria kina viti vitatu tu, na saa za jioni watu husimama mpaka barazani, jambo gumu kwa mgonjwa wa moyo. Mimi huenda peke yangu na kumwacha mke wangu nyumbani. Hawafungui Jumapili. Mara mbili katika miezi 14 digoksini iliwaishia, na ingawa safari ya pili waliniletea kesho yake kwa bodaboda bila kunitoza nauli, safari ya kwanza nilizunguka Kariakoo nusu siku. Kijana anayemsaidia mfamasia ni mpole lakini hana maarifa yake. Ukifika wakati binti hayupo, msubiri. Bei ni juu kidogo kuliko maduka ya Kariakoo, tofauti ya shilingi mia chache kwa karatasi ya vidonge, na kwa wanaotegemea bima, ulizeni kwanza kama dawa yenu imo, kwa sababu niliona watu wawili wakirudishwa dirishani baada ya kusubiri muda mrefu. Foleni yenyewe huwa ndefu kwa sababu binti huyo humsikiliza kila mtu hadi mwisho, nami siwezi kulihesabu hilo kuwa kosa, ingawa aliyechoka kusimama atakuwa na haki ya kuniona mwenye upendeleo.

Digoksini hutolewa mwilini na figo, na kwa mtu mwenye figo nzima hupungua nusu kwa siku moja na nusu hadi mbili. Figo zikichoka, dawa ya leo huikuta ya jana na ya juzi. Mwezi uliopita nilikwenda kuchukua dawa za miezi miwili kwa kuwa tulikuwa tunasafiri kwenda Tanga, na nikaomba nisisumbuliwe na maswali siku hiyo. Alifungua daftari lake, akaona kwamba kipimo cha figo cha mke wangu kilikuwa kimepita miezi sita, akanipa vidonge vya wiki moja tu. Nilikasirika, na nilimwonyesha kwamba nimekasirika. Tulipima Alhamisi katika Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete, pale Muhimbili, na majibu yalionyesha kwamba figo zimeshuka kidogo. Daktari alibadilisha kipimo: nusu kidonge siku moja, siku inayofuata hakuna. Niliporudi na cheti kipya, binti alichukua kalenda ya ukutani ya mwaka huu, akaweka duara kwenye siku za kumeza mpaka mwisho wa mwezi, akaniomba nizisome kwa sauti, kisha akanipa kalenda hiyo niende nayo Tanga.